Mayi ya Lamu na Mayi ya Bukavu: Utamu wa Lugha ni wa Nani?





Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai, mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila ikikaribia tunaanza kusikia sentensi moja ile ile majukwaani na hata katika makala za wasomi wenzetu: Kiswahili ni lugha tamu kuliko zote. Wengine wanaongeza na sababu, eti ni tamu kwa vile silabi zake zinaishia na irabu, ulimi haukwami, maneno yanateleza kama samli. Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mombasa. Nafundisha isimu hapa Uingereza, mwaka wa ishirini na kitu sasa, na Kiswahili nakipenda kama mtu anavyompenda mama yake. Lakini sentensi hii nimeichoka. Nataka niikosoe kama tunavyokosoa hoja nyingine yoyote, kwa sababu naamini ina madhara, na madhara yenyewe hayatupati sisi tunaoisema.

Tuanze na hoja ya irabu, manake ndiyo inayojivika kanzu ya utaalamu. Ni kweli silabi zetu nyingi ni wazi, irabu zetu ni tano tu, na mkazo karibu kila mara unakaa pale pale, silabi ya pili kutoka mwisho. Haya yanampa msikilizaji mdundo ulio sawa. Sasa, Kisukuma je? Kikamba je? Kigiriama, Kizaramo, Kiganda? Hizo zote ni za Kibantu, na silabi zake ni wazi kama zetu au zaidi yetu, kwa kuwa sisi tumeingiza daktari, labda, kabla na mstaarabu. Yule yule anayekwambia Kiswahili ni kitamu kwa sababu ya irabu, msikilizishe Kikamba, atakwambia hiyo ni lugha nzito ya bara. Kama irabu ndiyo sukari, mbona huko haikukolea?

Na nani aliyesema ulimi haukwami? Njooni darasani kwangu wiki ya kwanza muone Waingereza wanavyotokwa jasho kwa ng'ombe, mbwa na mchwa. Mmoja aliniambia kwa adabu kabisa kwamba neno mbwa si neno, ni ajali. Sisi tunasikia mbwa tu.

Tutoke nje ya Afrika kidogo. Dunia nzima imekubaliana kwamba Kifaransa ni lugha ya mapenzi na Kijerumani ni lugha ya kukaripia watu. Hebu tusikilize kwa masikio ya mtu aliyepitia chuoni. Mfaransa akitamka Paris, ile r yake inatoka nyuma kabisa, kwenye kimio. Mjerumani naye r yake, kwa matamshi yaliyoenea, inatoka huko huko. Zote mbili ni jirani wa karibu wa ghaini tuliyofundishwa na maalim kwa kiboko. Konsonanti karibu ni ile ile, ila mmoja anaitwa mpenzi na mwingine anaitwa askari.

Tena sifa hiyo ya Kijerumani haikuwa hivyo siku zote. Mark Twain aliandika mwaka 1880 insha ndefu ya kukidhihaki Kijerumani, na nusu ya walimu wa lugha duniani wanaijua. Kinachosahauliwa ni kwamba mle ndani analalamika kuwa maneno ya Kijerumani ya vita na mshindo ni laini mno, hayana nguvu kama ya Kiingereza. Laini! Baadaye zikaja vita viwili vya dunia na filamu za Hollywood, na sikio la Mwingereza na la Mmarekani likageuka. Sijui konsonanti gani ya Kijerumani iliyobadilika kati ya 1880 na 1945 ikaleta tofauti hiyo. Waliobadilika ni wasikilizaji, na walichokuwa wamekiona.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Katika miaka ya 1970 Howard Giles na wenzake walichapisha majaribio mazuri sana. Wakanada wanaosema Kifaransa walikuwa wakiona Kifaransa cha Ulaya ni kizuri kuliko chao. Giles na wenzake wakachukua sauti za Kifaransa cha Ulaya na cha Quebec, wakawasikilizisha watu wa Wales wasiojua Kifaransa. Hawakuona tofauti ya uzuri. Wakafanya vile vile kwa Kigiriki cha Athens na cha Krete, mbele ya Waingereza wasiojua Kigiriki. Matokeo yakawa yale yale. Kwa maneno mengine, ukimwondolea mtu habari za nani anasema namna gani na ana cheo gani, utamu unayeyuka.

Halafu mwaka 2023 Andrey Anikin na wenzake wakaja na jaribio kubwa zaidi: lugha 228, wasikilizaji 820, wakiwemo wasemaji wa Kichina, Kiingereza, Kiarabu na Kiebrania. Sauti walizichukua katika filamu ya maisha ya Yesu, ambayo imefasiriwa kwa lugha nyingi mno. Tofauti kati ya lugha na lugha zilikuwa ndogo sana. Kilichopandisha alama ni mambo mawili hasa: msikilizaji kudhani kwamba lugha ile anaijua, na sauti ya msemaji mwenyewe, wanawake wakipendwa zaidi ya wanaume. Lugha iliyotokea juu, kwa kitambo kidogo tu, ni Tok Pisin ya Papua New Guinea, lugha iliyozaliwa mashambani kwa wazungu na ambayo kwa miaka mingi iliitwa Kiingereza kibovu. Kifaransa hakikutwaa kombe. Na wale Wabengali waliosambaza mtandaoni habari kwamba UNESCO imeipigia kura lugha yao kuwa tamu kuliko zote, wao ni wenzetu katika hamu hii, kwani UNESCO haina mashindano ya namna hiyo.

Kiswahili chenyewe ni ushahidi. Mwaka 1987 Michael Jackson alitoa wimbo wa kumsifu msichana wa Liberia, na mwanzoni anasikika Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini, akinong'ona maneno ya mapenzi kwa Kiswahili. Liberia na Kiswahili wapi na wapi? Ilitakiwa sauti ya Afrika iliyo tamu, ikachukuliwa ya kwetu. Miaka minne kabla yake, 1983, katika filamu ya Star Wars ya tatu, kuna kiumbe wa sayari nyingine mwenye mashavu yaliyoning'inia, anayesaidia kuendesha chombo. Maneno yake yalisemwa na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, kwa lugha za Kenya. Watazamaji wa Marekani walisikia mlio wa dude. Watazamaji wa Kenya walisikia mtu wa kwao anazungumza. Ndani ya miaka minne, Afrika Mashariki moja ilitoa mnong'ono wa mahaba na mlio wa dude, ikategemea picha iliyowekwa mbele ya sauti.

Mpaka hapa nadhani wengi mtakubaliana nami, kwa sababu nimekuwa nikiwasema Wazungu. Sasa turudi nyumbani, ndiko kwenye uchungu.

Juni 1928 wajumbe wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja walikutana Mombasa, mjini kwetu, wakaamua lahaja ya kusanifiwa iwe Kiunguja. Mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya kusimamia kazi hiyo. Upande wa Kimvita ulikuwa na watetezi, hasa wamishonari wa CMS. Upande wa Kiunguja ulikuwa na UMCA, ulikuwa na kitabu cha sarufi cha Edward Steere cha 1870, na juu ya yote ulikuwa na njia za misafara zilizokwisha kukisambaza Kiunguja hadi maziwa makuu. Zilikuwa sababu za biashara, dini na utawala, tena zenye maana. Kulikuwa na haja ya lahaja moja ya kuchapishia vitabu, nami sina ugomvi na hilo. Lakini tazameni kilichofuata. Baada ya uamuzi, masikio yakaanza kukubaliana na uamuzi. Kiunguja kikawa laini, kikawa fasaha, kikawa kitamu. Kimvita kikawa cha wazee, na Kiswahili cha Kongo kikawa kichekesho.

Bibi yangu alikuwa akisema mtele na mtanga, akisema mato kwa macho, na anapofurahi yeye huteka, hacheki. Alikuwa na t mbili, moja ya ulimi kwenye meno na moja ya ulimi kwenye ufizi, na hakuzichanganya hata siku moja. Kwa mtu wa fonetiki huo ni utajiri. Shuleni mtoto akisema mtele alikuwa anachekwa darasa zima, na mwalimu alikuwa anacheka nao. Sisemi haya kwa kudai fidia ya Kimvita. Kimvita kina washairi wake na heshima yake, hakihitaji wakili. Nayasema kwa sababu yupo mwenzetu asiye na wakili.

Chukueni neno moja tu, maji. Kiamu wanasema mai, au mayi. Mmoja ni moya. Kuja ni kuya. Hii ndiyo lugha ya washairi wakubwa wa kaskazini, ya Pate, Siu na Lamu, lugha ya utendi wa Mwana Kupona wa 1858. Katika mihadhara yetu, mtu akisoma beti za huko kwa matamshi ya huko, tunafumba macho na kutikisa vichwa, tunasema: aah, hicho ndicho Kiswahili chenyewe, sikiliza kilivyo kitamu. Sasa nenda Bukavu au Lubumbashi. Maji ni mayi. Mmoja ni moya. Kuja ni kuya. Nasi sisi tuliofumba macho tunasema: masikini, Wakongo wameiua lugha.

Sauti ni ile ile, ndugu zangu. Sizungumzii sarufi, manake najua kuna atakayekimbilia ngeli na upatanishi. Hilo ni suala jingine, na tunaweza kulijadili siku nyingine. Nazungumzia mlio, y mahali pa j, kitu kile kile kinachotuliza roho kikitoka Lamu na kinachotuudhi kikitoka Kivu. Kama utamu ungekuwa ndani ya sauti, usingejua pasi ya kusafiria ya msemaji.

Na hili si jambo la kuchekeana barazani tu. Miaka michache iliyopita nilikuwa Marekani kwa utafiti, katika mji waliohamia wakimbizi wengi kutoka Kongo. Katika mwaka wa fedha wa 2023 Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, zaidi ya watu 18,000, na wengi wao Kiswahili ndiyo lugha ya kazi yao, soko lao na kanisa lao. Mama mmoja wa Kivu aliniomba nimsindikize hospitali na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mtu wa pwani, lafudhi yake safi kabisa. Mama akasema: mutoto ananyuaka mayi, anatapika yote, ni siku tatu sasa. Mkalimani akamkatiza: mama, tafadhali sema Kiswahili, hicho sikifahamu. Kisha akamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba mgonjwa hasemi Kiswahili hasa, atafutwe mkalimani mwingine.

Yule mama alinyamaza. Alinyamaza vile mtu anavyonyamaza akiambiwa kwamba lugha aliyozaliwa nayo haipo. Mtoto midomo imekauka, machozi hayatoki. Nikamwambia daktari mimi mwenyewe kilichosemwa, naye akaharakisha maji ya mshipani, na alhamdulillahi mtoto akapona. Baadaye nilimpigia mkalimani nikamuuliza: ndugu yangu, neno gani hasa lilikupotea? Akacheka kidogo, akasema: aa Mwalimu, nimefahamu, lakini kile si Kiswahili, kinaumiza masikio.

Kinaumiza masikio. Huyu hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mjinga. Alikuwa ametufuata sisi. Alikuwa amesoma makala zetu, amekaa katika mikutano yetu, amesikia mara mia kwamba Kiswahili ni kitamu, naye akafikia natija ambayo hoja yetu inamruhusu kuifikia: kisicho kitamu si Kiswahili. Ukishaufanya utamu kuwa kipimo cha lugha, lazima atatokea mtu wa kupimwa na kutolewa nje.

Tunapoteza na sisi wasomi pia. Mwaka 1965 André Yav alikusanya na kuandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi historia ya mji ule, Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa majumbani. Ni historia ya ukoloni wa Kibelgiji iliyosimuliwa na waliokuwa wakipika na kufua ndani ya nyumba za Wabelgiji wenyewe. Maandishi ya namna hii, yaliyoandikwa na watu wenyewe kwa Kiswahili chao, ni machache sana. Aliyeyachapisha mwaka 1990, pamoja na tafsiri na maelezo, ni Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia mzaliwa wa Ujerumani. Nimekutana na wahitimu wa Kiswahili, watu wa shahada za juu, ambao hawajapata kulisikia jina la andiko hilo. Nilipowaonyesha kurasa zake, wa kwanza alisema: lakini Kiswahili chake hakipendezi. Hakuuliza kinasema nini.

Najua swali linalokuja. Je, Profesa, unataka tuseme lugha zote zinalia sawa, mtu asiwe na anachokipenda? Hapana. Mimi nina mapenzi yangu na chuki zangu, tena nyingi. Kisomali kinaniburudisha, ile 'aini na ile ha ya kooni, kwa sababu majirani zetu walikuwa Wasomali na harufu ya uunsi wao naisikia mpaka leo nikisikia lugha yao. Kiwelshi nakipenda. Kireno cha Brazil nakipenda kwa ajili ya nyimbo, lakini Kireno cha Lisbon, samahanini, nasikia kama mtu anayezungumza na mdomo umejaa chakula. Nikijichunguza nakumbuka kwamba mwenye nyumba wangu wa kwanza ughaibuni alikuwa mtu wa huko, na kodi yake ilikuwa haichelewi hata siku moja. Tolkien, yule wa hadithi za pete, alikuwa bingwa wa lugha za kale, na katika mhadhara wake wa 1955 alieleza mapenzi yake kwa mlio wa Kiwelshi. Aliona kila mtu ana ladha yake ya lugha aliyozaliwa nayo, mbali na lugha ya mama. Siendi naye mpaka huko, lakini jambo moja alilifanya vizuri: alisema ni ladha, akaisema kuwa ni yake.

Hapo ndipo ninaposimama. Ladha ni ushahidi juu ya anayeonja. Nikikwambia Kireno cha Lisbon kinaniudhi, umejifunza kitu juu ya ujana wangu, hujajifunza chochote juu ya Kireno. Mtu akisema anakipenda Kiswahili kwa sababu ni sauti ya mama yake jikoni, nampa mkono. Akisema Kiswahili ni kitamu kuliko Kikamba, nataka anionyeshe, na hataweza.

Nina mapendekezo matatu, na si ya gharama.

La kwanza ni kwa wanaofundisha Kiswahili ughaibuni, wakiwemo wa madarasa ya Jumamosi ya watoto wetu. Muhula wa kwanza ule ule, wanafunzi wasikilize sauti za Unguja, Mombasa, Lamu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura. Sikio linalozoea mapema linapenda mapema, na hilo jaribio la 2023 limelionyesha: anayedhani anaijua lugha huipa alama zaidi.

La pili, wale wetu wanaokaa katika kamati za kuwatahini wakalimani, na najua mpo, wekeni sauti ya Kongo katika mtihani. Anayeshindwa kufahamu mayi asipewe cheti cha kumsemea mgonjwa. Anayefahamu kisha akakataa, huyo ndiyo kabisa.

La tatu ni letu wahakiki. Neno tamu tulitoe katika uhakiki wetu, au likiingia liingie na kazi. Mtu akisifu mlio wa utendi, atuonyeshe mlio unafanya nini: vina vimekaa wapi, mizani inavutwa au inakatwa wapi, ile t ya meno mshairi ameirudia kwa makusudi gani. Hapo tutakuwa tumesema kitu juu ya shairi. Kusema ni tamu tu, hata mtalii aliyekaa Malindi siku tatu anaweza.

Mwenye hoja ya kunipinga ailete, na alete na mifano. Nikionyeshwa sauti moja tu iliyo chungu yenyewe kwa yenyewe, midomoni mwa watu wote na masikioni mwa watu wote, nitaisikiliza.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam.